Mtoto wa mimba isiyotakiwa ndo mwizi wa kesho? Na ile habari ya Marekani, uhalifu na kutoa mimba

SWALI: "Asalaam alaykum mtaalamu. Mie ni mjumbe wa kamati ya ulinzi ya shehia yetu hapa mjini Unguja. Miaka hii vijana wanatutoa machozi kwelikweli, simu zinaporwa, nyumba zinavunjwa mchana kweupe, hata feni za msikitini hazisalimiki. Juzi barazani kijana mmoja msomi kaja na klipu kwenye simu, profesa wa Marekani anasema kwao uhalifu ulishuka nusu kwa sababu waliruhusu kutoa mimba, yaani wale ambao wangekuja kuwa wezi hawakuzaliwa. Baraza zima likachangamka, mmoja akasema ndo maana vibaka wetu wote ni watoto wa nje ya ndoa. Mie nikanyamaza kwa sababu nna mtihani wangu. Mtoto wa dada yangu, yuko Wete, ana miaka 17, kidato cha tatu, ana mimba na kijana kaikataa. Dada analia usiku na mchana, na shangazi mtu anamwambia bora mtoto aitoe kuliko kuja kulea jambazi. Je, ni kweli hayo ya Marekani? Na ni kweli mtoto wa namna hii anakuwa mhalifu? Nijibu bila kunificha."

JIBU: Waalaykumsalaam ndugu yangu. Pole na huo mtihani, na ahsante kwa kuuliza wazi maana wengi wanabaki nalo moyoni. Umeuliza la barazani na la nyumbani kwa pamoja, na mie nnaona la nyumbani ndo linalokunyima usingizi. Ntaanza na la Marekani kwa sababu ndo linalotumika kumtisha dada yako, lakini nisikuweke roho juu, nikwambie mapema kabisa: hakuna risechi yoyote duniani inayoweza kusema mtoto aliyemo tumboni mwa mpwa wako atakuwa mwizi, na hata hao maprofesa wenyewe hawakusema hivyo.

Kwanza tuiweke sawa klipu. Mwaka 2001 wachumi wawili wa Marekani, John Donohue na Steven Levitt, walichapisha utafiti uliozua zogo kubwa. Marekani mahakama kuu yao iliruhusu kutoa mimba nchi nzima Januari 1973, ile kesi ya Roe v. Wade. Alafu uhalifu ukapanda weee mpaka kilele chake mwanzoni mwa miaka ya 90, na kuanzia hapo ukaanza kushuka kwa kasi ambayo hakuna mtu aliyeitabiri. Mauaji peke yake yalikuwa kama 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, kufika 2000 yakawa 5.5. Hao wachumi wakapiga hesabu ya miaka: mtoto ambaye angezaliwa 1974 angetimiza miaka 18 mwaka 1992, na umri wa balehe mpaka ishirini na kitu ndo umri ambao vijana wa kiume wanafanya uhalifu zaidi popote duniani. Wakasema huenda kuruhusiwa kutoa mimba kunaeleza mpaka nusu ya ule mshuko. Soma vizuri hapo, hawakusema uhalifu ulishuka nusu kwa sababu ya kutoa mimba, walisema katika kile kiasi kilichoshuka, huenda hadi nusu yake sababu ni hiyo. Barazani inapofika klipu mambo haya yanachanganyika.

Walikuwa na njia mbili za kulieleza. Moja ni rahisi, watoto wakiwa wachache basi vijana baadae wanakuwa wachache na uhalifu unapungua wenyewe. Ya pili ndo iliyowaka moto: walisema wanawake waliotoa mimba wengi wao walikuwa katika hali ambayo mtoto akizaliwa angekuta umasikini, mama peke yake, mama mdogo mno, au nyumba ambayo hakuna aliyemtaka, na mtoto anaelelewa bila kutakiwa ana hatari zaidi ya kuharibikiwa. Walichokuwa wanakizungumza hapo ni malezi na mazingira baada ya kuzaliwa. Damu hawakuigusa, wala cheti cha ndoa.

Ushahidi wao mkubwa ulikuwa huu. Majimbo matano, New York, California, Washington, Alaska na Hawaii, yalitangulia kuruhusu kabla ya 1973. Wakaangalia je uhalifu ulianza kushuka mapema huko? Wakakuta ndio. Wakaangalia tena majimbo yaliyotoa mimba nyingi zaidi, wakakuta ndo yaliyoshuka zaidi miaka ya 90. Ukisikia hivyo unasema basi, imekwisha. Lakini haijaisha.

Hapa nataka niende polepole maana ndo penye utamu. Mtu akikwambia vitu viwili vimeenda pamoja usikubali haraka kwamba kimoja kimezaa chengine. Pemba mwaka wa msimu mkubwa wa karafuu harusi zinakuwa nyingi, na ajali za bodaboda nazo zinakuwa nyingi. Harusi hazivunji watu miguu. Pesa ya karafuu ndo imeoa na ndo imenunua bodaboda. Sasa New York na California zilikuwa na nini kengine mbali na sheria ya mimba? Zilikuwa na kreki, ile kokeini ya kuvuta ya bei rahisi, ambayo iliingia miji mikubwa ya huko katikati ya miaka ya 80 na vijana wakauana kwa kugombania kona za kuuzia. Mahala kreki ilipoingia mapema ndo mahala ilipopoa mapema pia. Mchumi mwengine, Ted Joyce, alilishikilia hili mwaka 2004, akasema wenzake wanaisifia mimba kwa kazi iliyofanywa na kreki kupungua.

Na kuna swali moja dogo la umri ambalo mpaka leo mie nnaliona gumu kwa hiyo nadharia. Aliyezaliwa 1975, yaani baada ya ruhusa, alikuwa na miaka 16 mwaka 1991. Kama nadharia ni kweli, hawa wa miaka 14 mpaka 17 wa mwanzo wa miaka ya 90 walitakiwa wawe watulivu kuliko kaka zao. Lakini vijana wa umri huo khasa ndo waliokuwa wanaua zaidi, kati ya 1985 na 1993 mauaji yanayofanywa na wa miaka 14-17 yalipanda zaidi ya mara mbili, wakati watu wazima wa miaka 25 na kuendelea, waliozaliwa zamani kabla ya ruhusa yoyote, walikuwa wanatulia. Donohue na Levitt wanajibu kwamba kreki iliwapiga zaidi vijana wadogo na ukiitoa kreki picha inarudi. Inawezekana, lakini unaona namna jibu linavyotegemea jambo jengine tena.

Alafu 2005 ikatokea hii. Wachumi wawili wa benki kuu ya Boston, Christopher Foote na Christopher Goetz, walichukua programu ya kompyuta ya utafiti ule wakaikagua mstari kwa mstari. Wakakuta jedwali la mwisho, lile lenye nguvu kabisa, linasema limechuja mabadiliko ya kila jimbo kwa kila mwaka, lakini kwenye programu yenyewe kichujio hicho hakimo, kimesahaulika. Na pia hesabu ilitumia idadi ya watu waliokamatwa badala ya idadi kwa kila watu kadhaa, yaani jimbo likiwa na vijana wachache basi na wanaokamatwa wanapungua tu hata kama tabia haijabadilika. Walipotengeneza yote mawili, ile njia ya pili, ya mtoto asiyetakiwa, ikabaki kama haipo. Donohue na Levitt walikubali kosa la programu, wakarudi na takwimu bora zaidi za mimba zilizotolewa, na uhusiano ukarudi ingawa umepungua nguvu. Baadae, 2019, wakatoa utafiti mwengine wakisema walichotabiri kimetokea na kwamba kati ya 1997 na 2014 uhalifu ulishuka karibu asilimia 20 kwa sababu hiyo. Wapinzani wao bado wanapinga. Hapo ndo tulipo, zaidi ya miaka ishirini, wasomi wakubwa kabisa kila upande, na hawajakubaliana.

Na washindani wengine wapo. Miaka ya 90 Marekani iliongeza polisi, ilijaza magereza kupita kiasi, uchumi ulikuwa mzuri, na pia kuna madini ya risasi waliyoacha kutia kwenye petroli kuanzia miaka ya 70, ambayo yanaharibu ubongo wa mtoto mdogo na kumfanya mtu asiweze kujizuia akiwa mkubwa. Hili la risasi wapo wanaoliamini zaidi kuliko la mimba. Tena Canada nayo uhalifu ulishuka miaka ile ile ya 90, wakati wao sheria yao ya mimba ilifutwa na mahakama 1988, kwa hiyo kalenda yao haifanani na ya Marekani hata kidogo. Uingereza waliruhusu kwa sheria ya 1967 na watafiti walioangalia huko hawakupata uhusiano wa kuaminika.

Ukiniuliza mie nnaona nini, nnaona kuna chembe ya kweli kwa Marekani ya wakati ule, kwamba watoto wachache zaidi walizaliwa kwenye hali ngumu kabisa na hilo lilisaidia kiasi. Ile "nusu" siiamini. Ni kubwa mno kwa ushahidi uliopo.

Sasa nije kwenye lile neno la barazani kwamba vibaka wote ni watoto wa nje, maana hili limeniudhi na ndo linalomuumiza dada yako. Ndugu yangu, hiyo hiyo Marekani ya kwenye klipu ndo inayolikanusha. Mwaka 1970 watoto waliozaliwa nje ya ndoa kule walikuwa kama 11 katika kila 100. Mwaka 1990 wakafika kama 28, na 2000 wakawa 33. Yaani wamezidi mara tatu, na vijana waliokuwa mitaani miaka ya 90 na 2000 wengi zaidi kuliko wakati wowote uliopita walikuwa wa mama peke yake. Na uhalifu? Ulikuwa unashuka. Ingekuwa kuzaliwa nje ya ndoa ndo kiwanda cha wezi, Marekani ingekuwa imeteketea. Kwa hiyo huyo bwana wa barazani ameichukua nadharia na kuipindua, walichokipima maprofesa sio ndoa, na takwimu za ndoa zinakwenda kinyume na anavyosema.

Na kuna wachumi wengine, George Akerlof, Janet Yellen na Michael Katz, mwaka 1996 walionesha jambo ambalo sie wa visiwani tutalielewa haraka. Zamani Marekani kijana akimpa msichana mimba anamuoa, wana namna yao ya ndoa ya mkeka. Ilipokuja ruhusa ya kutoa mimba na vidonge vya kuzuia mimba, vijana wa kiume wakaanza kusema "kama hukutaka ungeitoa, mie hayanihusu", ndoa hizo zikapotea na wasichana wengi wakabaki na watoto peke yao. Unaona kitu kimoja kinaweza kuvuta pande mbili? Ndo maana mtu makini hasemi kutoa mimba kunapunguza au kunaongeza uhalifu kama vile anasema chumvi inayeyuka kwenye maji.

Ipo mifano mingine miwili inakaribia zaidi swali lako kuliko Marekani. Romania, Oktoba 1966, mtawala wa huko Ceaușescu alipiga marufuku kutoa mimba ghafla na mwaka uliofuata watoto wakazaliwa karibu mara mbili. Mtafiti Cristian Pop-Eleches aliwafuatilia. Kwa wastani watoto wale hawakuwa wabaya zaidi, bali walikuwa wazuri kidogo kwenye skuli na kazi, kwa sababu waliokuwa wanatoa mimba zaidi walikuwa wanawake wa mjini waliosoma na marufuku ilifanya hao nao wazae. Lakini alipowalinganisha watoto wa familia zinazofanana, wale waliozaliwa baada ya marufuku walikuwa nyuma kidogo. Na Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia ya wakati ule, watafiti walifuatilia watoto 220 waliozaliwa 1961 mpaka 1963 kwa mama ambao waliomba kutoa mimba ile ile mara mbili wakakataliwa, wakawalinganisha na 220 wengine. Watoto hao walikuwa na shida zaidi skuli, na wenzao, na baadhi na polisi walipokuwa vijana. Sikufichi, maana umesema nisikufiche. Lakini wengi wao walikuwa watu wa kawaida tu, na ile tofauti, ambayo ujanani ilionekana zaidi, ilipungua walipofika kama miaka thelathini. Na kumbuka hawa ni watoto ambao mama zao waliwakataa mara mbili mbele ya kamati ya serikali. Wewe unaniambia dada yako analia na mjomba halali. Mtoto huyu tayari ana watu wawili wanaomfikiria na bado hajazaliwa.

Mie nimekaa miaka mingi karibu na ustawi wa jamii na mafaili ya watoto wanaofikishwa mahakamani, na kuna mahojiano moja siyasahau. Mtoto wa miaka 15, kakamatwa na betri ya gari ya watu, baba na mama wameoana, baba mtu anaheshimika kabisa mtaani na anaswali safu ya mbele. Nikamuuliza, usiku wa jana umelala wapi? Akanambia kwa rafiki. Nani nyumbani alijua? Kimya. Nikauliza vyengine na vyengine, nani anajua umeacha skuli, nani anajua unakula wapi mchana, kila swali jibu ni kukunja mabega. Hilo ndo ninaloliona kwenye mafaili, mtoto ambaye hakuna mtu mzima anaejua yuko wapi. Wapo humo watoto wa nje ya ndoa, wapo wa ndoa, wapo wa talaka tatu nne wanaohamishwa kwa baba, kwa bibi, kwa mama wa kambo mpaka wanakosa pa kuita nyumbani. Sheria na dini zetu zote mbili haziwahukumu kwa kosa la wazazi, na Qur'ani iko wazi kwamba hakuna mbebaji atakaebeba mzigo wa mwengine.

Na kuhusu vibaka wa shehia yenu, nadharia ya Marekani haiwezi kuwasaidia kitu, kwa sababu hapa Zanzibar hakukuwa na sheria iliyobadilika siku fulani ili tulinganishe kabla na baada. Kutoa mimba kwetu ni kosa la jinai isipokuwa kuokoa maisha ya mama, ilikuwa hivyo jana na ni hivyo leo. Kilichobadilika ni mengine. Sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569, ya 2022 tukawa 1,889,773, na Mjini Magharibi peke yake umetoka kama laki sita mpaka karibu laki tisa. Vijana wanaokuja mjini, ajira hamna, skuli wameishia njiani. Na unga, ndugu yangu. Heroini imetukalia tangu miaka ya 80 na mpaka ikabidi ifunguliwe kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waliotekwa na heroini ili waiache, Kidongo Chekundu mwaka 2015. Anaeiba feni ya msikiti hajaiba kwa sababu ya cheti cha ndoa cha mama yake, ameiba kwa sababu kufika Magharibi mwili unamuuma na anataka pakti. Kama kamati yenu ina daftari, andikeni kila anaekamatwa ana umri gani, anasoma au ameacha, anatumia au hatumii, anaishi na nani. Baada ya muda mtakuwa na kitu cha kuzungumza barazani chenye maana kuliko klipu.

Haya, twende Wete.

Kwanza, shangazi mtu asimwambie tena binti maneno ya "jambazi". Mwambie kwa heshima, ni mkubwa, lakini mwambie. Mtoto wa miaka 17 mwenye mimba akisikia hivyo kila siku anaweza kufanya jambo peke yake usiku na mkamkosa. Hapo ndo hofu yangu kubwa ilipo, zaidi ya uhalifu wa miaka ishirini ijayo. Makadirio ya watafiti kwa mwaka 2013 yalionesha Tanzania nzima mimba kama 405,000 zilitolewa, nyingi kwa siri na wengine kwa njia za kuua, vijiti, dawa za kuchanganya, vidonge vya kununua mtaani bila mtu wa kuangalia kipimo wala umri wa mimba. Zanzibar ilikuwa chini kuliko kanda nyengine zote, lakini chini sio hakuna, na wauguzi wetu wanawajua wanaoletwa usiku.

Kwa hiyo hili lishike: ikitokea, kwa sababu yoyote ile, anatoka damu nyingi, ana homa, tumbo linamkata, anatoka uchafu wenye harufu au anazimia, apelekwe hospitali pale pale. Msisubiri asubuhi, msikae kujadiliana nani atajua. Anatibiwa kwanza, hospitali zina huduma kwa mimba iliyoharibika. Aibu ya mtaa inaondoka, aliyekufa harudi.

Kuhusu kutoa, sheria nimeshakwambia inasemaje. Kwa dini mie sio sheikh na sitojifanya, wako maulamaa pale Wete waulizeni ana kwa ana, mkiwaambia umri wa mimba na hali ya afya yake, kwa sababu wanavyuoni wana maneno juu ya siku 120 na juu ya maisha ya mama na hayo hayajibiwi kwa kubahatisha. Lakini hoja ya shangazi yenyewe, ya kuogopa kesho ya mtoto, ndo ile ambayo aya inasema msiwauwe watoto wenu kwa kuogopa umasikini. Kama daktari ataona mimba inahatarisha maisha yake, hilo ni jambo jengine na atawaambia yeye. Ndo maana daktari aje mwanzo kabla ya yote.

Mpelekeni kliniki wiki hii. Wa umri wake wanapata sana upungufu wa damu na presha ya mimba, ile inayoleta kifafa, na vyote viwili vikigunduliwa mapema vinadhibitika. Aende na mama yake au na mtu anaempenda, sio na mtu wa kumsimanga njiani.

Alafu muulizeni, kwa upole na faragha, na aulizwe na mwanamke anaemuamini: ilikuwaje? Usichukulie tu kwamba ni "kijana wake". Miaka 17 bado ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, kwa hiyo aliyempa mimba ana kesi ya kujibu hata kama binti atasema alikubali, na kama alilazimishwa au ni mtu mzima wa karibu na familia basi jambo ni zito zaidi. Kipo kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali ya Chake Chake, kama cha Mnazi Mmoja huku Unguja, pale anapata daktari, polisi na mtu wa ustawi sehemu moja bila kuzungushwa. Tafadhali msilimalize kwa wazee kukaa na kupokea pesa, nimeona mengi yanamalizwa hivyo na binti anabaki na mimba na anabaki na kidonda.

Na ndoa ya mkeka msiikimbilie. Najua ndo dawa ya kwanza inayokuja kichwani ili "kusitiri". Kijana ameshaikataa mimba, mkimfunga nae kwa nguvu mnamtia binti kwenye nyumba ambayo hatakiwi, na tulikotoka huko nyuma ndo tumesema kutotakiwa ndo penye hatari. Mara nyingi inaishia talaka kabla mtoto hajatembea. Matunzo ya mtoto yana njia yake ya kudaiwa, muone afisa ustawi wa wilaya au wasaidizi wa sheria, na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, wanazijua kesi hizi.

Kuna wakati sie tulikuwa na sheria ya 1985 inayomfunga mwari akishika mimba. Ilifutwa 2005, ikaja inayoangalia kumlinda mama na mtoto, na tangu hapo Zanzibar wasichana wakaanza kurudi skuli baada ya kujifungua, wenzetu Bara iliwafikia Novemba 2021. Kwa hiyo dada yako aende kwa mwalimu mkuu mapema, asingoje binti afiche tumbo mpaka aonekane mtoro. Aulize taratibu za kuondoka na za kurudi, na zote ziandikwe. Wewe mjomba kama una uwezo wa kusaidia nauli, maziwa, au mtu wa kukaa na mtoto saa za skuli, huo ndo mchango utakaobadilisha kesho ya mtoto huyu kuliko maneno yote tuliyoyaandika hapa kuhusu Marekani.

Ikiwa binti anakaa kimya sana, hali chakula, hapati usingizi, au anasema maneno ya kutaka kufa, usiku asilale peke yake na asubuhi yake apelekwe hospitali aonane na daktari wa afya ya akili. Na kama dada yako anataka kuzungumza na mtu kabla hajatoka nyumbani, namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, apige hata leo.